Kikapu cha Mzazi na Kitenge cha Mfadhili

Wadogo zangu, kabla sijawafundisha kubeba kikapu, niambieni kwanza nani amewavalisha hivyo vijaketi. Mnakuja kwenye meza yangu ya mandazi hapa Mutakura, Bujumbura, kila mmoja ameandikwa jina la shirika mgongoni kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa akazisoma, halafu mnaniambia mnatoka kuwatembelea watu wasio na karatasi. Mnawatembelea au mnawaonyesha? Vueni. Mkishavua ndiyo tutaongea.

Najua mnanicheka kichinichini. Mstaafu gani huyu ambaye mtoto wake wa pili bado ananyonya? Chekeni tu. Kazi ile nimeiacha, na aliyeiacha kazi kwa namna niliyoiacha mimi harudi. Basi mimi ni mstaafu, na nyinyi kaeni msikilize, mandazi yanapoa bure.

Niliingia pale nikiwa nimemaliza sekondari, nina Keza mchanga mgongoni, na baba yake alikuwa ameshapotelea kwao Rumonge. Niliomba kazi ya kufagia. Ofisi ilikuwa huku huku Mutakura, nyumba yenye geti la kijani na kibao kikubwa barabarani: viganja viwili vimeshika paa la nyumba. Ikumbukeni hiyo alama, tutakutana nayo tena. Shirika lilikuwa likiwasaidia Wakongomani waliovuka wakabaki mjini, hawana karatasi, na kambi hawakutaka. Wengine watawauliza kwa nini hawaendi kambini. Nyinyi msiulize. Mtu aliyekimbia ana sababu zake, na wewe si hakimu wake.

Nyakati zilikuwa mbaya. Kilabuni walisemwa wao, kwenye robine ya maji walisemwa wao: mchele ukipanda bei ni Wakongomani, kuku akipotea ni Wakongomani. Mwenye nyumba aliyelaza mgeni asiyeandikishwa kwa mkuu wa mtaa aliitwa kujieleza mbele ya watu. Msako ulipita asubuhi, mtaa baada ya mtaa, vijana wa doria wa mtaa mbele, lori likisubiri barabarani. Aliyekosa karatasi alipandishwa, akapelekwa Gatumba, akavushwa mpaka. Hakuna aliyemuuliza ameacha nini jikoni.

Sasa utamfikiaje mtu ambaye kazi yake kubwa ni kutoonekana? Hapo ndipo alipokuwepo Mama Perpetua.

Alikuwa mkongwe wa pale ofisini, mama mnene wa Gitega, sauti ya chini, mguu mmoja unamuuma kila mvua ikinyesha. Ufagio alininyang'anya kwenye juma la kwanza. Alimwangalia Keza mgongoni kwangu kwa muda, kama mtu anayepima nguo sokoni, kisha akasema, "Huyu mutoto ni kibali kuliko vibali vyote vya hii ofisi. Kesho utavaa imvutano, tunaenda guhemba."

Guhemba mnaijua, ingawa siku hizi mnatuma kitu kwa simu na kusema mmeshahemba. Mwanamke akizaa, wanawake wanakwenda kumwona. Wanavaa vizuri, kitambaa cha imvutano kimefungwa begani, kikapu chenye mfuniko kichwani, ndani unga, maharagwe, sabuni, kinywaji. Na nani Burundi hii atamsimamisha mwanamke anayekwenda kumhemba mzazi? Hata mlevi anapisha njia. Mama Perpetua aliliona hilo kabla ya wote: dawa chini, unga juu, mtoto mgongoni, na mnaingia nyumba yoyote mchana kweupe huku majirani wanawasalimu.

Na ilikuwa na ufundi wake, msidhani. Hamwendi asubuhi, kwa sababu hakuna anayehemba asubuhi. Mnakwenda mchana ukishalegea, Jumamosi au Jumapili. Mnatembea polepole, mnaongea kwa sauti, mnacheka. Mtu anayeficha kitu hutembea kimya, na wale vijana wa doria wanalijua hilo. Viatu vya raba hapana. Ukipiga hodi, usimwite mtu jina lake; sema tumekuja kumwona mzazi, mwenyewe atajitokeza. Na vidonge usiviweke kwenye mfuko wa nailoni, unapiga kelele ukiinama. Funga kwenye kitambaa. Kijana mmoja wa chuo aliletwa kutusaidia, siku ya kwanza akabeba kikapu kichwani. Mwanaume! Mtaa mzima ulitoka kumwangalia. Mwanaume anayehemba hubeba kreti ya vinywaji, hata akiwa na shahada.

Siku moja tuko mtaa wa Kinama, vijana wa doria wakatusimamisha. Mmoja akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamwonyesha nyumba. Akakunja uso, akasema nyumba ile ilihembwa majuzi tu, yeye mwenyewe aliona vikapu vikiingia. Mama Perpetua hakutikisika.

"Ni mapacha," akasema. "Mmoja alichelewa."

Walicheka mpaka wakashika magoti. Wakaomba waonje urwarwa, ile pombe ya ndizi tuliyobeba, akawamiminia, wakatusindikiza hadi mlangoni wakituambia tumsalimie huyo mchelewaji. Tulipoingia ndani Mama Perpetua alikaa chini akaukanda mguu wake, na mvua haikuwepo.

Ile nyumba ya mapacha ndiyo ninayotaka kuwaambia. Ilikuwa ya Bi Hadija, mjane Mwislamu ambaye babu zake waliuza vitambaa Bujumbura hii kabla babu zetu hawajashuka milimani. Vyumba vyake vilizunguka ua mmoja, nyuma ya msikiti. Na kwenye chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji, ndipo alipokuwa Nabintu.

Nabintu alikuwa wa Bukavu, mimba imekwishaonekana. Alivuka na mumewe, Mushagalusa, wakapotezana kwenye vurugu za kuvuka, huyu akasukumwa huku, yule akarudishwa kule. Lakini walikuwa wameagana kabla. Mume alimwambia wakipotezana aende Kinama, nyuma ya msikiti, kwa Bi Hadija, kwa sababu baba yake alikuwa akilala pale zamani akileta mawese. Akamwambia amsubiri hapo hapo. Simu hakuna, namba hakuna. Duniani kote walikuwa wamebakiwa na ua ule mmoja.

Mama Perpetua alitaka kumhamishia Musaga. Tulikuwa na nyumba tulivu kule, mbali na macho ya Kinama. Nabintu alikataa.

"Mi sitoki hapa, mama. Hii nyumba ndiyo anajua. Nikienda Musaga, atanikuta wapi?"

Akaambiwa Bi Hadija yupo, atamwelekeza.

"Bi Hadija anaweza kufa. Ukuta haufi."

Bi Hadija alikuwa dirishani akichambua mchele. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Ahsante, mwanangu. Na wewe Mungu akuweke."

Basi kazi yetu kwake ikawa moja tu: akae ndani ya ule ua, asionekane, mpaka mume aje. Siyo kumpatia karatasi, siyo kumfundisha ushonaji, siyo semina. Akae. Hilo tuliliweza, wadogo zangu. Tuliliweza vizuri, kwa muda.

Mkurugenzi wetu tulimwita Patron. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshamsahau. Alizika watu wasiokuwa na ndugu, alilala hospitalini na mgonjwa asiye wake. Ila siku moja alirudi kutoka mkutano kwenye hoteli ya ziwani akiwa na marobota mawili, amefurahi kama mtu aliyeoa. Akayafungua. Vitenge. Rangi ya machungwa, na kila mahali, kuanzia pindo hadi pindo, viganja viwili vimeshika paa.

Akatueleza kwamba mfadhili analalamika haoni kazi yetu. Picha zetu zinaonyesha wanawake wanaotembea tu barabarani, zingeweza kuwa za mtu yeyote. Kuanzia sasa tutavaa hivi kwenye ziara, na kila mama tunayemsaidia atapewa kimoja.

Nilimwambia palepale kwamba hiyo ndiyo ilikuwa akili yote ya kazi, kuwa mtu yeyote. Akaniambia mimi bado mgeni. Mama Perpetua akashika kitenge kimoja, akakigeuza huku na huku, akasema, "Patron, mufadhili anataka kuona. Na wale wa lori wanataka kuona. Sasa wote wataona."

Patron akasema tu kwamba imeshakubaliwa.

Mungu mkubwa, vitenge vyenyewe vilikuwa vya ovyo. Chapa haikupenya upande wa pili. Mama Perpetua alituonyesha: ukikivaa ndani nje, ni nguo tu ya machungwa iliyopauka, ya mwanamke asiyejua kuchagua. Tukavaa hivyo majuma kadhaa, tukitoka ofisini viganja viko nje, tukifika kwenye kona ya duka la misumari tunageuza. Tulicheka sana kwenye ile kona. Tulidhani tumewashinda wote, mfadhili na lori.

Kisha Nabintu akajifungua. Mama Perpetua alimpeleka kituo cha afya akasema ni mtoto wa dada yake, ameshikwa na uchungu akiwa ugenini, na alimfokea kweli kama shangazi, mpaka wauguzi wakamwonea Nabintu huruma, wakasahau kuuliza maswali mengi. Mtoto wa kike, mzima, nywele tele. Bi Hadija alimpika Nabintu supu ya kuku, akaanza kumtafutia mtoto jina, akapendekeza la mama yake mwenyewe. Nabintu alikataa hilo na mengine yote.

"Jina ni ya baba yake. Nikimupa mi jina, ni kama nimeshamuzika."

Tukamwita Mutoto.

Kwa hiyo ile ikawa guhemba ya kweli, na hamwezi kujua ilivyotufurahisha. Miezi yote tunabeba vikapu vya uongo, leo kuna mzazi halisi kitandani. Nilioka mandazi. Na asubuhi yake Patron akatangaza kwamba anakuja na sisi, yeye na mpiga picha.

Mama Perpetua alimzuia kwenye geti la kijani. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. Alimwomba. Alimwambia yule mwanamke ana kitu kimoja tu, nacho ni kutojulikana yuko wapi. Patron alimsikiliza hadi mwisho, na alikuwa na huzuni usoni, nawaapia.

"Ni picha tu, Mama Perpe. Bila picha, mwakani hakuna dawa."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo mjifunze, kwa sababu nyinyi mtaambiwa hayo hayo, na atakayewaambia atakuwa anasema kweli.

Tukaenda. Tulipofika kona ya duka la misumari hakuna aliyegeuza kitenge. Tulipita Kinama yote na viganja vyetu.

Nabintu alipokabidhiwa kitenge chake kipya alifurahi. Kile alichombebea Mutoto kilikuwa kimechakaa hadi mwanga unapita. Alijifunga kipya, akamweka mtoto, akacheka mbele ya kamera, na lile pengo lake la mbele likaonekana. Sijawahi kumwona akicheka vile. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, kwa sababu kilikuwa cha kweli kabisa, hatukumlazimisha.

Mtoto ni mtoto, alikikojolea kitenge. Nabintu akakifua, akakianika. Kamba ya Bi Hadija ilikuwa imefungwa juu ya ukuta mfupi, upande wa barabara, kwa sababu jua la asubuhi linapiga pale. Kila mtu wa ule ua alianika pale, miaka nenda rudi. Nani angemwambia asianike?

Bi Hadija ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Msako ulipita asubuhi, vijana wa doria wale wale mbele, wakamsalimu kama kawaida yao, wakawa wameshapita. Halafu mmoja akageuka, akaangalia kamba. Kibao chetu cha Mutakura alikuwa akipita mbele yake kila siku. Akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. Wakarudi, wakakishika kile kitenge, wakauliza ni cha nani.

Bi Hadija akasema ni chake. Angewashinda, yule bibi, alikuwa na ulimi. Lakini Nabintu kule chumbani alisikia watu wanagombania nguo yake. Akadhani ni wezi. Nguo mpya, ya kwanza tangu avuke! Akatoka mbio na Mutoto kifuani.

"Ni ya kwangu," akasema. "Nimepewa."

Kwa matamshi yale ya Bukavu ambayo hata mtoto wa shule anayatambua. Wakamwomba karatasi.

Bi Hadija alishika ubao wa lori kwa mikono miwili, akawaambia mzazi huyu hajamaliza hata arobaini, wamwogope Mungu. Wakamwambia ashukuru kwamba yeye anabaki. Kitenge hawakukichukua. Tulipofika mimi na Mama Perpetua kilikuwa bado kinaning'inia, kimekauka vizuri.

Tulikwenda Gatumba tukiwa na Keza mgongoni na kikapu, kama tunahemba mpaka wenyewe. Walikuwa wameshavushwa. Kule ng'ambo watu walikuwa wakitawanyika kila upande, wengine Uvira, wengine kurudi milimani, na hakuna aliyekumbuka mwanamke mmoja mwenye kichanga. Walikuwa wengi wenye vichanga. Mwezi haukupita Mama Perpetua akaenda zake Gitega kulima. Aliniambia mguu umezidi. Mimi nilibaki, kwa sababu Keza alikuwa anakula na anavaa, na kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja, na lazima amkute mtu wa kumweleza.

Alikuja mwaka ulipogeuka. Bi Hadija alimpokea kwenye ule ukuta wake, akamlisha, akamwelekeza kwetu. Mwanaume mrefu, kakonda, ameshika kofia mkononi. Alisema jina lake, Mushagalusa, na nikajua, na nikashindwa kumwambia pale getini mbele ya watu. Nikamwingiza ofisini kwa Patron ambako kuna viti.

Nilikuwa nimesahau kalenda.

Mfadhili alikuwa amezichapisha, nzuri, karatasi ya kung'aa, kila mwezi picha yake. Na ule mwezi alikuwa Nabintu, mkubwa ukutani, pengo nje, viganja viwili kifuani, viganja viwili tumboni, na kichwa cha Mutoto kikichungulia na zile nywele. Mushagalusa hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Nikaanza kumweleza, mgongo wake umenielekea, nikamweleza yote, kamba, lori, Gatumba. Hakugeuka. Nilipomaliza alikuwa ameweka kidole, siyo kwa mke, kwa mtoto.

"Ni musichana?"

"Ni musichana."

"Nani alimupa jina?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia mkewe alikataa, alisema jina ni la baba.

Kisha akaiambia ile picha, siyo mimi, "Nsimire. Jina ya mama yangu."

Nilipanda kiti nikaichana kalenda kutoka ukutani. Ndipo Patron akaingia. Akaona, akaelewa ni nani, akashika kichwa. Na unajua mdomo wa mtu ulivyo mpumbavu akikosa la kusema. Akasema, "Lakini mwezi bado haujaisha."

Niliyomjibu sitayarudia, Keza yuko hapo anasikiliza. Hiyo ndiyo sherehe yangu ya kustaafu. Mushagalusa aliizungusha ile karatasi kama bomba, hakuikunja, ili nyuso zisipate mikunjo. Akatushukuru. Alitushukuru! Akaondoka kuelekea Gatumba, na sijasikia habari zake tena.

Sasa mnataka niwafundishe kikapu. Nitawafundisha, dawa chini, unga juu, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Ila vijaketi vitabaki hapa chini ya meza yangu, nitavitumia kushikia sufuria.

Na nina ujumbe wangu, ndiyo bei ya somo. Mtazunguka nyumba nyingi kuliko nilizozunguka mimi, wengine mtafika mpakani, wengine mtavuka. Mkimkuta mwanamke wa Bukavu mwenye pengo la mbele, na binti aliyeshaanza kutembea ambaye kila mtu bado anamwita Mutoto, msimuulize karatasi, msimpige picha. Mwambieni alikuja. Mwambieni ukuta aliukuta. Na mtoto anaitwa Nsimire.